Mimea ya nyumbani na usalama wa watoto na wanyama

Mimea ya nyumbani ni mimea inayooteshwa ndani ya nyumba au barazani, mara nyingi katika vyungu vya maua, kwa ajili ya mapambo. Mingi haina madhara makubwa, lakini baadhi ina sumu katika majani, utomvu, mbegu au mizizi yake. Sumu hizo zinaweza kumdhuru mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni, au paka, mbwa, sungura na wanyama wengine wanaotafuna majani.

Usalama wa mmea hautegemei uzuri wake wala jina ambalo muuzaji amelizoea. Unategemea mambo matatu: spishi yenyewe, sehemu iliyoliwa pamoja na kiasi chake, na kiumbe aliyeila. Yungiyungi linalomletea mbwa maumivu ya tumbo tu linaweza kumwua paka katika siku chache. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ya kuchagua mmea salama ni kujua jina lake la kisayansi kabla haujaingia nyumbani.

## Asili ya mimea ya nyumbani

Mimea mingi inayopendwa ndani ya nyumba ina asili yake katika misitu ya kitropiki. Chini ya miti mirefu mwanga ni hafifu, na mimea iliyozoea hali hiyo huvumilia pia mwanga mdogo wa sebuleni. Lakini msituni majani laini huwindwa na wadudu, konokono na wanyama. Mmea hauwezi kukimbia, basi spishi nyingi hujilinda kwa miiba, kwa uchungu au kwa kemikali. Silaha hizo hazipotei mmea unapohamishiwa chunguni.

Afrika ya Mashariki imeipa dunia mimea miwili ya nyumbani iliyo mashuhuri sana. Wa kwanza ni *Saintpaulia*, yaani ua la Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliukuta katika eneo la milima ya Usambara. Mbegu zilipelekwa Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliueleza kisayansi na kuupa jina la aliyeukusanya. Siku hizi wataalamu huuweka ndani ya jenasi *Streptocarpus*. Wa pili ni *Zamioculcas zamiifolia*, wenye majani mazito yanayong'aa, unaoota porini kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Ulianza kuzalishwa kwa wingi katika vitalu vya Uholanzi miaka ya 1990, na sasa huonekana katika ofisi na hoteli za mabara yote.

Mimea hiyo miwili yaonyesha kwamba mahali mmea ulikotoka hapaelezi usalama wake. Ua la Usambara halina sumu kwa watoto, paka wala mbwa. *Zamioculcas* ina fuwele zinazowasha kinywa na ngozi.

## Aina za sumu

### Fuwele za oksalati ya kalsiamu

Hii ndiyo sumu inayopatikana mara nyingi zaidi katika mimea ya nyumbani. Mtu aliyewahi kumenya magimbi mabichi (nchini Kenya huitwa nduma) anaujua mwasho wake mikononi. Mwasho huo husababishwa na fuwele nyembamba kama sindano zilizo ndani ya chembe za mmea. Jani likitafunwa, sindano hizo hufyatuka na kuchoma ulimi, midomo na koo. Maumivu huanza mara moja, mate hutoka kwa wingi, na kinywa huweza kuvimba.

Magimbi ni ya familia *Araceae*, na mimea mingi ya mapambo ni ndugu zake: *Dieffenbachia*, *Monstera*, *Philodendron*, *Caladium*, *Alocasia*, *Anthurium*, *Spathiphyllum*, *Zantedeschia*, *Zamioculcas* na *Epipremnum aureum*, ule mtambaa wenye majani ya kijani na njano unaoota hata katika chupa ya maji. Kwa kuwa maumivu huja haraka, mtoto au mnyama kwa kawaida huacha baada ya kuuma mara moja, na madhara huisha bila matibabu makubwa. Hatari ipo pale uvimbe unapofika kooni na kuzuia pumzi, jambo ambalo hutokea mara chache. *Dieffenbachia* ndiyo inayoogopwa zaidi katika kundi hili, kwa sababu uvimbe wake unaweza kumfanya mtu ashindwe kusema kwa muda.

### Sumu za moyo

Baadhi ya mimea ina glikosidi zinazovuruga mapigo ya moyo. Oleanda (*Nerium oleander*) na oleanda ya njano (*Cascabela thevetia*) hupandwa sana kwenye nyua na kandokando ya barabara. Sehemu zote za mimea hiyo zina sumu, na majani yaliyokauka bado ni hatari. Nchini Sri Lanka mbegu za oleanda ya njano zimesababisha vifo vingi.

Waridi la jangwani (*Adenium obesum*), lenye shina lililovimba na maua ya waridi, linapendwa sana kwenye vyungu barazani. Utomvu wake una sumu za kundi hilohilo. Wahadzabe wa Tanzania huutumia kutengeneza sumu ya mishale. *Kalanchoe*, yenye vishada vya maua madogo ya rangi nyingi, nayo ina sumu za moyo zinazowadhuru hasa mbwa, paka na mifugo.

### Utomvu mweupe

Mimea ya jenasi *Euphorbia* hutoa utomvu mweupe kama maziwa mara inapokatwa. Mnyaa (*Euphorbia tirucalli*), unaopandwa kama ua la boma katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, ndio mfano unaojulikana zaidi. Jina la Ziwa Manyara linatokana na jina lake la Kimasai. Utomvu huo huwasha ngozi, na ukiingia machoni huleta maumivu makali na huweza kumfanya mtu asione kwa muda. Siku hizi mnyaa huuzwa pia katika vyungu kama mmea wa mapambo. *Euphorbia milii* kutoka Madagaska una utomvu wa namna hiyo pamoja na miiba mikali.

### Saponini

Saponini hutoa povu kama sabuni na husumbua tumbo. Zimo katika jenasi *Dracaena*, ambayo masale ya Wachagga ni miongoni mwake, na katika mimea iliyokuwa ikiitwa *Sansevieria*, yenye majani marefu yaliyosimama kama panga. Paka na mbwa wanaotafuna majani hayo hutapika, hutokwa na mate na kukosa hamu ya kula. Mtoto huweza kuumwa na tumbo. Madhara haya kwa kawaida si ya kuhatarisha maisha.

### Alkaloidi

Mnanaha (*Datura*) na jamaa yake *Brugmansia*, wenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, una atropini na skopolamini. Dalili zake ni mboni za macho kutanuka, kinywa kukauka, moyo kwenda mbio na kuweweseka. *Catharanthus roseus*, ua dogo la Madagaska linaloota karibu kila mahali pwani, lina alkaloidi ambazo baadhi hutumiwa hospitalini kutibu saratani, ikiwemo saratani ya damu ya watoto. Dawa hizo hupimwa na daktari kwa uangalifu mkubwa. Mmea wenyewe haufai kutafunwa wala kuchemshwa nyumbani.

### Sumu za ini

*Cycas revoluta* kutoka kusini mwa Japani huonekana kama mnazi mdogo, lakini si jamaa ya mnazi. Una sikasini, kemikali inayoharibu ini. Mbegu zake ndizo zenye sumu kali zaidi, na mbegu chache tu zinaweza kumwua mbwa. Mtapo wa pwani (*Cycas thouarsii*) ni wa jenasi hiyohiyo.

## Hatari kwa watoto

Umri wa hatari zaidi ni kati ya miezi sita na miaka mitatu. Katika umri huo mtoto huijua dunia kwa kinywa chake: hutambaa, hujishikilia kwenye meza, na kila anachokiokota hukionja. Chungu cha maua kilichowekwa sakafuni kiko sawasawa na kimo chake.

Kwa bahati nzuri, idadi kubwa ya watoto wanaoonja majani ya mimea ya nyumbani hawapati madhara makubwa. Kiasi wanachokula ni kidogo, na majani mengi ni machungu. Mmea mchungu kama shubiri hutemwa upesi. Lakini uchungu si kinga ya kutegemewa. Matunda madogo yenye rangi nyekundu, njano au nyeusi huwavutia watoto kuliko majani, na mtoto mwenye umri wa kwenda shule anaweza kuyala kwa wingi katika mchezo wa kupikapika. *Duranta erecta*, inayopandwa sana kama ua la nyumba, ina matunda ya njano yenye sumu yanayoning'inia kama shanga. Mbegu za mnyonyo, au mbarika (*Ricinus communis*), zina madoadoa mazuri yanayowapendeza watoto, nazo zina risini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazotokana na mimea. Mbegu iliyotafunwa ni ya hatari zaidi kuliko iliyomezwa nzima, kwa sababu ganda lake gumu limevunjwa.

Kuna pia hatari zisizohusu sumu. Mtoto anaweza kupaliwa na kokoto za mapambo zilizowekwa juu ya udongo, kuangukiwa na chungu kizito, au kuchomwa na miiba ya mpungate. Dawa za kuua wadudu na mbolea zilizonyunyiziwa kwenye majani zinaweza kuwa na madhara makubwa kuliko mmea wenyewe.

## Hatari kwa wanyama

### Paka

Paka ni mla nyama. Ini lake lina upungufu wa baadhi ya vimeng'enya vinavyovunja kemikali za mimea, hivyo sumu hukaa mwilini mwake kwa muda mrefu kuliko kwa wanyama wengi. Tena paka hujisafisha kwa kulamba manyoya. Chavua iliyomwangukia mgongoni huishia tumboni.

Hatari kubwa kuliko zote kwake ni mayungiyungi ya jenasi *Lilium*, ambayo huuzwa kama maua ya kukata kwa arusi na misiba, na ya jenasi *Hemerocallis*. Majani, petali, chavua na hata maji ya chombo cha maua vinaweza kuua figo zake. Paka huanza kutapika na kuzubaa katika saa za mwanzo. Baadaye huenda akaonekana amepata nafuu, huku figo zikiendelea kuharibika. Kati ya siku moja na tatu zinaweza kushindwa kabisa. Matibabu ya kuingiza maji mwilini kwa mshipa hufaa yakianza mapema, kabla ya figo kuharibika. Kwa hiyo paka aliyegusa yungiyungi hapaswi kusubiriwa mpaka dalili zionekane. Nyumba yenye paka isiwe na maua hayo kabisa, hata kwa siku moja.

### Mbwa

Mbwa, hasa mbwa mchanga anayeota meno, hutafuna na kufukua. Kwa hiyo sehemu zilizo chini ya udongo, kama vitunguu vya maua na mizizi minene, ni hatari zaidi kwake kuliko kwa paka. *Cycas*, oleanda na mbegu za mnyonyo ndivyo vya kuogopwa zaidi. Mbolea ya unga wa mifupa au wa samaki humvutia kwa harufu yake na kumfanya afukue chungu kizima.

### Wanyama wengine

Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo sumu aliyokwisha kuimeza haiwezi kutoka kwa njia hiyo. Kasuku huchanachana majani kwa mdomo wake hata kama hana njaa. Mbuzi, kondoo na ng'ombe huwa hatarini pale mtu anapopogoa ua la nyumba na kuwatupia matawi kama malisho. Matawi ya oleanda na ya *Lantana camara* hayapaswi kutupwa mahali mifugo inapofika. Ni heri yafukiwe. Yasichomwe moto karibu na watu, kwani moshi wa oleanda nao una madhara.

## Tatizo la majina

Ajali nyingi huanzia kwenye jina. Mmea mmoja huwa na majina mengi, na jina moja hubeba mimea mingi. Mifano ifuatayo inaonyesha uzito wa jambo hilo:

- Yungiyungi. Kwa Kiswahili neno hili hutumika kwa maua ya majini (*Nymphaea*) na pia kwa *Lilium*. Wauzaji wa maua huuza kwa jina la lili mimea kama *Spathiphyllum* na *Zantedeschia*, ambayo huwasha kinywa tu. Kati ya yote hayo, *Lilium* na *Hemerocallis* ndiyo huua figo za paka.
- Kangaga. Kangaga wa kweli kama *Nephrolepis exaltata* ni salama. Lakini *Asparagus setaceus*, wenye vijani vyembamba kama manyoya na unaofungwa pamoja na mawaridi katika mashada, si kangaga. Matunda yake huumiza tumbo na utomvu wake huwasha ngozi.
- Mnazi wa mapambo. *Dypsis lutescens* na *Chamaedorea elegans* ni jamaa ya mnazi na hazina sumu. *Cycas* hufanana nazo kwa mbali, lakini huharibu ini.
- Yasmini. Yasmini ya kweli (*Jasminum*) si sumu. *Cestrum nocturnum*, inayonukia usiku na kuitwa yasmini katika lugha kadhaa, ni ya familia ya mnanaha na ina matunda yenye sumu.
- Waridi. Waridi la kweli (*Rosa*) halina sumu, ingawa lina miiba. Waridi la jangwani si jamaa yake.

Jina la kisayansi huondoa mashaka hayo. Vitalu vingi vikubwa huandika jina hilo kwenye kibandiko cha chungu. Pale ambapo muuzaji hana kibandiko, mnunuzi anaweza kupiga picha ya jani, ua na shina, kisha kumwuliza bwana shamba, mwalimu wa biolojia au mtaalamu wa bustani ya mimea. Programu za simu zinazotambua mimea kwa picha husaidia kupata fununu, lakini hukosea, hasa kwa miche michanga isiyo na maua. Jibu lake lisiwe neno la mwisho pale maisha ya mtoto yanapohusika.

Kwa wanyama, orodha inayotumiwa sana ni ile ya ASPCA, shirika la Marekani la kuzuia ukatili kwa wanyama lililoanzishwa New York mwaka 1866. Shirika hilo huchapisha kwenye intaneti majina ya mimea yenye sumu na isiyo na sumu kwa mbwa, paka na farasi.

## Mimea inayofaa

Mimea ifuatayo inahesabiwa kuwa haina sumu kwa watoto, paka na mbwa:

- *Saintpaulia* (ua la Usambara): hupenda mwanga usio wa jua kali, maji yasimwagwe juu ya majani.
- *Chlorophytum comosum*: ina majani membamba yenye mistari na hutoa vitoto vinavyoning'inia. Asili yake ni Afrika. Ni rahisi sana kuotesha. Paka hupenda kuitafuna na huweza kutapika kidogo akila nyingi.
- *Nephrolepis exaltata* (kangaga): hupenda unyevu, hufaa bafuni penye dirisha.
- *Dypsis lutescens*: asili yake Madagaska, hufaa pembeni mwa sebule yenye mwanga.
- *Chamaedorea elegans*: asili yake Meksiko na Guatemala, huvumilia kivuli.
- *Calathea* na *Maranta*: zina majani yenye michoro; baadhi hukunja majani usiku.
- *Peperomia*: midogo, hufaa mezani.
- *Aspidistra elatior*: huvumilia kivuli na kusahauliwa maji.
- *Haworthia* na *Echeveria*: mimea minene ya kuhifadhi maji, mbadala mzuri wa mshubiri.
- Okidi za *Phalaenopsis*: maua yake hukaa wiki nyingi.
- Mrehani (*Ocimum basilicum*): hufaa jikoni, na harufu yake hupendwa pwani.

Mshubiri (*Aloe vera*) unahitaji maelezo yake. Ute wa ndani ya jani hutumiwa kwa ngozi, lakini utomvu wa njano ulio chini ya ganda huharisha, nao huwadhuru paka na mbwa. Basi mshubiri uwekwe mahali ambapo wanyama hawafiki.

Kusema kwamba mmea si sumu hakumaanishi kuwa ni chakula. Jani lolote likiliwa kwa wingi linaweza kumfanya mtoto au mnyama atapike, na mtoto mwenye mzio anaweza kudhurika na mmea unaohesabiwa salama.

## Kupanga mimea nyumbani

Njia iliyo bora ni kutokuwa na mimea ya sumu kali katika nyumba yenye watoto wadogo au wanyama: oleanda, waridi la jangwani, mnanaha, *Brugmansia*, *Cycas*, mnyonyo, na *Lilium* kwa nyumba yenye paka. Mimea inayowasha kinywa tu, kama *Monstera* au *Epipremnum*, inaweza kuwekwa juu au kuning'inizwa, ilimradi matawi yake yapunguzwe yasifike chini. Rafu humzuia mtoto anayetambaa lakini haimzuii paka. Kwa paka, kinga ni mlango uliofungwa au kuchagua mmea mwingine.

Majani na matunda yaliyoanguka yaokotwe kila siku. Anayepogoa mimea yenye utomvu avae glavu na kunawa mikono kabla ya kumshika mtoto. Vyungu vizito viwekwe mahali pasipotikisika. Sahani zilizo chini ya vyungu zimwagwe maji angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu mbu aina ya *Aedes* huzaliana humo. Ndiye anayeeneza homa ya dengi, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Paka anayependa kutafuna majani anaweza kuoteshewa nyasi zake mwenyewe, kwa mfano ngano au shayiri katika sahani ya udongo. Watoto wafundishwe mapema kwamba jani haliliwi mpaka mtu mzima amelitoa jikoni. Hata hivyo mafunzo hayo hayachukui nafasi ya kuondoa mmea hatari, kwa kuwa mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuyashika.

## Huduma ya kwanza

Mtoto akionekana ametafuna mmea, hatua hizi zifuatwe:

1. Mabaki yatolewe kinywani kwa kidole kilichofunikwa kitambaa safi, kisha kinywa kisukutuliwe au kupanguswa kwa maji.
2. Kama mmea ni wa jamii ya magimbi na mtoto anameza vizuri, apewe maji baridi au maziwa kidogo ili kupoza mwasho.
3. Ngozi iliyoguswa na utomvu ioshwe kwa sabuni na maji. Jicho lisafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na mtoto apelekwe kwa daktari.
4. Kipande cha mmea, au picha yake, kichukuliwe pamoja na mtoto kwenye kituo cha afya. Muda alipokula na kiasi kinachokadiriwa vitajwe.

Mtoto asilazimishwe kutapika kwa kidole, chumvi, mafuta wala sabuni. Utomvu unaochoma huchoma tena unaporudi, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba hata sharubati ya kutapisha iliyokuwa ikiwekwa nyumbani kwa miaka mingi isitumiwe tena. Maziwa nayo si dawa ya kila sumu. Hupoza kinywa tu, wala hayazuii sumu ya moyo au ya ini. Mkaa wa jikoni haufanani na mkaa maalumu wa dawa unaotolewa hospitalini.

Mtoto apelekwe hospitali bila kuchelewa akishindwa kupumua au kumeza, akivimba ulimi au koo, akitapika mfululizo, akisinzia kupita kawaida, akiweweseka au akipata degedege. Apelekwe pia hata kabla ya dalili kama mmea unajulikana kuwa na sumu ya moyo, risini, atropini au sikasini.

Mnyama apelekwe kwa daktari wa mifugo pamoja na kipande cha mmea. Paka mwenye chavua mwilini afutwe kwa kitambaa chenye maji njiani ili asiendelee kujilamba.

## Imani zisizo sahihi

*Euphorbia pulcherrima*, mmea wa Meksiko wenye majani mekundu unaopendwa wakati wa Krismasi, umeogopwa kwa miaka mingi kutokana na habari ya mwaka 1919 iliyodai kwamba mtoto mmoja huko Hawaii alikufa baada ya kula jani lake. Habari hiyo haikuthibitishwa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1996 ulipitia matukio 22,793 yaliyoripotiwa ya watu waliougusa au kuula. Hakukuwa na kifo hata kimoja, na zaidi ya asilimia 90 hawakupata dhara lolote. Utomvu wake unaweza kuwasha, lakini si mmea wa kuua.

Imani nyingine ni kwamba mmea unaosifiwa kusafisha hewa ni salama kwa wote. Sifa hiyo hutokana na majaribio ya NASA ya mwaka 1989 yaliyofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa. Majaribio hayo hayakupima sumu ya mimea ikiliwa, na orodha yake ina *Spathiphyllum*, *Dracaena* na *Hedera helix*, ambazo zote humdhuru anayezitafuna.

Wengine huamini kwamba wanyama hujua wenyewe mmea mbaya. Mnyama wa porini hukua akijifunza mimea ya mahali pake. Paka aliyezaliwa ndani ya nyumba hana ujuzi wa kulitambua ua lililoletwa na mgeni jana.